Namba Mbili za Presha Nyumbani
Mtu anaposema kwamba ana presha husema jambo ambalo kila aliye hai analo, kwa kuwa shinikizo la damu ni nguvu ya damu kuzikandamiza kuta za mishipa inapotoka moyoni, nayo huwa maradhi pale tu inapokaa juu kwa muda mrefu. Kipimo cha nyumbani huionyesha kwa namba mbili: ya juu, iitwayo sistoli, ni nguvu iliyopo moyo unapojikaza kusukuma damu, na ya chini, diastoli, ni ile inayobaki moyo unapolegea ili ujae upya. Zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki, urithi wa vipimo vya kale kama kile cha tabibu Mwitaliano Scipione Riva-Rocci cha mwaka 1896, ambamo nguvu hiyo ilipimwa kwa kimo cha zebaki ndani ya mrija.

Kinachosahauliwa ni kwamba kipimo cha kisasa hakisikilizi chochote: mkanda hujaa upepo hadi kuubana mshipa wa mkono, kisha upepo unapopungua taratibu mashine huhisi mitikisiko midogo ya mapigo na kuzikokotoa namba kutokana nayo. Kwa hiyo mpimwaji akizungumza au kujitikisa hesabu huvurugika, mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha namba, na mkono ulioning'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza takriban milimita 7 au 8, kiasi kinachoweza kumtia mwenye afya katika kundi la wagonjwa. Ndiyo maana hutakiwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono uko mezani na kibofu ni kitupu, akiwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa.

Hata hivyo namba moja haitoshi, na wanaojipima kila robo saa kwa hofu huipandisha kwa hofu hiyohiyo. Inafaa kupima mara 2 asubuhi kabla ya dawa na mara 2 jioni, kwa kupishanisha dakika 1, kwa siku 7, kisha kuacha namba za siku ya kwanza na kutafuta wastani wa zilizobaki. Miongozo mingi huuhesabu wastani wa 135 kwa 85 kuwa mwanzo wa presha ya juu nyumbani, ilhali kliniki mpaka ni 140 kwa 90, kwa sababu wengi hupandwa na presha wamwonapo daktari. Wapo pia ambao hushuka kliniki na kupanda nyumbani, na hao ndio wanaofaidika zaidi na daftari la namba. Lakini namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, hakuna wastani wa kusubiriwa, ni kukimbilia hospitali.