Ukitaka Kufuga Samaki, Lea Maji Kwanza



Juzi nilitembelea kikundi kimoja huko Ruiru. Baada ya michango kuhesabiwa, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha picha ya taa, yule samaki bapa kama chapati. Alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, ndani ya tangi la kioo sebuleni. "Madam, tukimfuga huyu si tutauzia matajiri wa Nairobi?" Akina mama walicheka. Mweka hazina hakucheka, maana akiba ya kikundi ni shilingi 40,000, na hiyo ni jasho la watu. Nikaahidi kujibu hapa.

Huyo taa ni nani?

Taa wa Lamu na Mombasa ni wa maji ya chumvi. Ukimtia kwa maji ya bomba atakufa. Yule wa picha ni wa maji baridi, asili yake ni mto Xingu huko Brazili, Amerika ya Kusini. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Akikomaa, mwili wake unaweza kufikia upana wa nusu mita, kwa hivyo anahitaji tangi la lita 1,000 au zaidi, yaani kama lile la maji ya nyumba nzima. Chakula chake ni nyama: kamba, minyoo na samaki wadogo. Mkiani ana mwiba wenye sumu. Akimchoma mtu, kidonda kitumbukizwe kwa maji ya moto anayoweza kuvumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Lakini hata mwiba si shida kubwa. Shida kubwa ni maji, na hiyo ni ya kila samaki, hata yule mdogo wa dhahabu.

Tulivyopoteza samaki Thika

Miaka ya nyuma nilisaidia kikundi cha Thika kununua samaki wa dhahabu kumi na wawili. Tulijaza tangi maji ya bomba asubuhi, tukawatia samaki jioni, tukawalisha vizuri kama wageni. Siku ya nane hakuna aliyebaki. Tuliyenunua kwake alisema ati ni ugonjwa. Watu wengine walinong'ona kuhusu jicho baya. Ukweli ni kwamba tuliwaua sisi wenyewe, na mimi nilikuwa mbele.

Sababu ni hii. Samaki anapokula hutoa uchafu, na uchafu huo huleta amonia, ambayo ni sumu. Mtoni maji yanapita, sumu inaenda. Kwa tangi inabaki hapo hapo. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa, kumbe yanachoma mapafu ya samaki, yaani yale matamvua yake.

Mungu ameweka vijidudu vizuri vinavyokula amonia. Aina moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Aina nyingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali huo. Vijidudu hivi hukaa kwenye sponji ya kichujio na kwenye changarawe, lakini huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka. Sisi hatukuvipa hata siku moja. Taa, kwa kuwa anakula nyama nyingi, anachafua maji haraka zaidi, tena hana magamba ya kumkinga.

Fanyeni hivi

1. Pimeni tangi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la 90 kwa 40 kwa 45 ni lita 162. Maji hayo peke yake ni kilo 162, kwa hivyo meza iwe imara.

2. Maji ya bomba yana klorini. Yawekeni kwa ndoo wazi siku moja au mbili kabla ya kutumia.

3. Washeni kichujio na pampu ya hewa. Anzeni na samaki wawili tu, muwalishe kidogo sana, mkae wiki sita kabla ya kuongeza. Katika muda huo badilisheni maji kidogo kidogo mara kwa mara.

4. Lisheni kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki kitolewe.

5. Baadaye, kila wiki badilisheni robo ya maji, si yote. Sponji ioshwe kwa maji yaliyotoka kwa tangi, maana klorini ya bomba inaua vile vijidudu.

6. Stima ikipotea, msilishe. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili yapate hewa.

Usimwage mtoni

Mradi ukishindwa, msimwachilie samaki wa kigeni mtoni. Mto Ruiru unaingia Athi, na Chania unaungana na Thika kwenda Tana, yote mpaka Bahari ya Hindi. Kumbukeni magugu maji ya Ziwa Victoria. Watu waliyatoa Amerika ya Kusini kwa sababu ya maua yake mazuri tu.

Jibu langu kwa Ruiru

Taa hapana. Kumleta kutoka nje kunahitaji kibali, na akifa mmoja akiba yote imekwenda. Kama mnapenda samaki wa urembo, nunueni tangi moja dogo na samaki wawili wa dhahabu. Mmoja wenu aandike kila siku kwa daftari: amelisha nini, amebadilisha maji lini, nani amekufa. Wakati huo ulizeni madukani Nairobi kama watanunua na kwa bei gani, kabla hamjaongeza hata samaki mmoja. Afisa wa uvuvi wa kaunti atawashauri, na kituo cha samaki cha Sagana, kilichoanza 1948, hakiko mbali na Thika.

Wale wawili wakimaliza miezi mitatu wakiwa hai, niiteni tuzungumze juu ya zile 40,000. Kabla ya hapo, ziacheni benki.