Daktari aliyenyoosha nyayo za watoto bila kutegemea kisu

KATI ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa, takriban mmoja huja duniani akiwa na wayo uliopinda kuelekea ndani na kisigino kilichovutwa juu, hali ambayo wengi huiita mguu kifundo. Asipotibiwa, mtoto huyo hukua akikanyagia ubavu wa wayo, au hata mgongo wake, na viatu vya kawaida humshinda.

Aghalabu mama ndiye hubebeshwa lawama, akidaiwa kuvunja mwiko au kumcheka mlemavu alipokuwa mjamzito. Sayansi inamwondolea mzigo huo. Wayo hupinda mtoto angali tumboni, na hakuna kosa la mzazi linalosababisha hali hiyo.

Iwapo leo watoto wengi wa aina hii hupona bila upasuaji mkubwa, sifa nyingi zinamwendea Ignacio Ponseti, msomi wa tiba ya mifupa aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hadi uzeeni.

Ponseti alizaliwa mwaka wa 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, akiwa mwana wa fundi wa saa. Alisomea udaktari mjini Barcelona, kisha akawatibu majeruhi wa upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Upande wake uliposhindwa, alikimbilia Ufaransa, akaenda Mexico, na mwaka wa 1941 akawasili Iowa.

Huko alipewa kazi ya kuwachunguza watu waliokuwa wamepasuliwa nyayo miaka mingi awali. Matokeo hayakufurahisha. Picha za eksirei zilionyesha kwamba mifupa haikuwa imekaa sawasawa, na wagonjwa wenyewe walikuwa na nyayo ngumu, dhaifu na zenye maumivu. Kisu kilikuwa kimeacha makovu, na makovu yalikuwa yamekaza viungo.

Badala ya kutafuta njia bora ya kupasua, Ponseti alirudi kwenye swali la msingi: wayo hujongea vipi? Alichambua nyayo za maiti na kutazama filamu za eksirei zilizoonyesha mifupa ikiwa katika mwendo. Aligundua kwamba viungo vya wayo havijongei kimoja kimoja. Kimoja kikigeuka, vingine hugeuka pamoja nacho. Aidha, nyuzi zinazoshikanisha mifupa ya mtoto mchanga hunyumbulika zikivutwa taratibu.

Hapo ndipo ilipobainika kasoro ya matibabu ya plasta yaliyotangulia. Madaktari walikuwa wakisukuma mahali pasipofaa, hivyo kuuzuia mfupa wa kisigino usigeuke. Ponseti aliweka kidole gumba kwenye kichwa cha mfupa wa kifundo, akaufanya egemeo, kisha akauzungusha wayo wote kuelekea nje.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mtoto huanza kutibiwa katika majuma ya kwanza ya maisha. Kila juma wayo hunyooshwa kidogo, kisha mguu hufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya plasta tano au sita, wengi huhitaji kukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, aghalabu kwa sindano ya ganzi tu. Plasta ya mwisho hukaa majuma matatu, na kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi.

Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka wa 1963, lakini wenzake wengi hawakumsikiliza. Kwa zaidi ya miaka 30, upasuaji mkubwa uliendelea kutawala katika hospitali za nchi tajiri.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1995, watafiti wa Iowa walipowachunguza watu 45 waliotibiwa na Ponseti takriban miongo mitatu awali. Asilimia 78 walikuwa na nyayo nzuri au nzuri mno, ikilinganishwa na asilimia 85 ya watu waliozaliwa bila kasoro hiyo. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake, na wazazi wakaanza kuelezana habari zake kupitia intaneti.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa Shafique Pirani, daktari wa upasuaji wa mifupa nchini Canada ambaye asili yake ni Uganda. Mwaka wa 2001, yeye na wenzake walichapisha picha za MRI za nyayo za watoto waliokuwa wakitibiwa kwa njia hiyo. Picha zilionyesha kwamba mifupa haikurudi mahali pake tu, bali hata umbo la gegedu changa lilikuwa likijirekebisha. Kipimo cha Pirani, kinachoanzia sufuri hadi sita, sasa hutumiwa katika nchi nyingi kukadiria ukubwa wa tatizo.

Kwa Afrika, manufaa makuu ni kwamba tiba hii haihitaji chumba cha upasuaji cha fahari wala daktari bingwa katika kila wilaya. Nchini Uganda na Malawi, matabibu wasio madaktari walifunzwa kuwafunga watoto plasta, na wakafaulu. Nchini Kenya, hospitali ya CURE iliyofunguliwa Kijabe mwaka wa 1998 ni miongoni mwa zinazotoa tiba hiyo.

Hata hivyo, safari haiishi plasta ikiondolewa. Mtoto huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, kwa saa 23 kila siku katika miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala hadi afikishe takriban miaka minne. Hapa ndipo familia nyingi hulegea. Wayo umekwisha nyooka, mtoto analia usiku, nauli ya kliniki ni ghali, na viatu vinawekwa kando. Kuacha kuvivaa ndiyo sababu kuu ya wayo kupinda tena.

Ponseti alifariki Oktoba 2009 akiwa na umri wa miaka 95. Utafiti wake uliipa nguvu ya kitabibu hekima ambayo Waswahili wanaijua tangu jadi, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa mzazi, maana yake ni kumfikisha mtoto hospitalini mapema, na kutovivua viatu vile kabla ya wakati wake.