Leseni ya Modi Huanzia Mpakani

Mwandishi wa modi, yaani nyongeza inayobadilisha gemu ya kampuni, akitaka kuitoa kazi yake kwa umma hukuta orodha ndefu ya leseni huria, na wengi huishia kuchukua GPL kwa sifa yake ya kulinda uhuru wa msimbo. Nadhani swali la leseni huulizwa mapema mno. Lipo linalolitangulia: katika faili unazotaka kugawa, kazi yako imeishia wapi na ya kampuni imeanzia wapi? Leseni ni ruhusa, na hakuna awezaye kutoa ruhusa juu ya mali isiyo yake.

Yaliyoipata Bukkit yanaonyesha gharama ya kulikwepa swali hilo. Mradi huo ulioanza mwishoni mwa 2010 uliwapa wenye seva za Minecraft njia ya kuongeza mambo yao wenyewe. Bukkit, sehemu ya kuunganishia nyongeza, ilikuwa chini ya GPL. CraftBukkit, iliyoendesha seva, ilikuwa chini ya LGPL, ndugu legevu zaidi wa GPL, lakini ndani yake ulichanganywa msimbo wa Mojang, kampuni ya Minecraft, uliofumuliwa kutoka kwenye programu iliyofungwa. Mojang ilivumilia, na mwaka 2012 ikawaajiri viongozi wa mradi. Septemba 2014 mmoja wa wachangiaji wakubwa alidai, chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani, CraftBukkit iondolewe: msimbo wake aliutoa kwa masharti ya leseni huria, na masharti hayo hayakutimizwa maadamu msimbo wa Mojang uliochanganyika nao ulibaki umefungwa. Ikaondolewa. Mojang ilieleza kwamba haikuwahi kuidhinisha programu yake iwekwe chini ya GPL wala LGPL. Watu wa Spigot, mradi uliojengwa juu ya CraftBukkit, walitafuta njia nyingine: chombo kinachopakua seva rasmi na kuibandika viraka kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, ili wao wasigawe msimbo wa Mojang.

Wapo wanaosema kwamba GPL ndiyo silaha ya kuilazimisha kampuni ifungue msimbo wake. Natambua nia njema iliyomo, ila sheria haiendi hivyo. Leseni haimfungi ambaye hajaikubali. Kifungu cha 12 cha toleo la tatu la GPL, la mwaka 2007, kinasema wazi: usipoweza kutimiza masharti yake pamoja na wajibu mwingine ulio nao, usigawe kabisa. Kwa hiyo anayenyang'anywa haki ya kugawa ni yule jirani aliyependa modi yako na kutaka kuiendeleza. Wengine wana hofu ya upande wa pili, kwamba leseni legevu kama MIT itaiachia kampuni ichukue jasho lao bure. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana naipendelea MPL 2.0 ya mwaka 2012. Mpaka wake ni faili: anayebadilisha faili zako na kuzigawa lazima azitoe huria, na faili za gemu zilizo pembeni haziguswi. Anayeshikilia GPL aambatanishe ruhusa ya ziada ya kuunganisha modi na gemu iliyofungwa, inayokubalika chini ya kifungu cha 7, akiitaja gemu husika kwa jina.

Sheria nayo huchora mpaka huo. Kwa mfano, mwandishi wa modi aliyepo Stechford, mashariki mwa Birmingham, anaongozwa na sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988. Kifungu cha 50B kinamruhusu mwenye nakala halali kufumua programu ili apate taarifa za lazima za kuunda programu huru itakayofanya kazi nayo, na hata mkataba wa kampuni hauwezi kuifuta ruhusa hiyo. Hakimruhusu kuunakili msimbo uliofumuliwa. Upo mfano wa eneo hilohilo. Gemu ya Sony, MotorStorm: Arctic Edge, ilitengenezwa Leamington Spa, kusini-mashariki mwa Birmingham, na Datel ya Stone, Staffordshire, ikauza programu iliyoondoa vizuizi ndani yake. Sony iliishtaki Datel nchini Ujerumani. Oktoba 17, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kubadilisha thamani zilizo kwenye kumbukumbu wakati gemu inaendeshwa, bila kugusa msimbo wenyewe, hakuvunji ulinzi wa programu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Uingereza baada ya nchi hiyo kujitoa kwenye Umoja, ingawa zinaweza kuizingatia. Ninachokiona humo ni mpaka uleule: programu iliyosimama kando ya gemu ina nguvu kuliko iliyoimeza.

Kwa anayeshikilia GPL, ruhusa ya ziada iandikwe siku ya kwanza, kabla ya kupokea mstari mmoja wa mtu mwingine. Kila mchangiaji hubaki na hakimiliki ya alichoandika, na kuongeza ruhusa hiyo baadaye kunadai idhini ya wote, hata yule aliyetuma kiraka kimoja miaka sita iliyopita na kubadilisha anwani yake.