Lita Ileile, Maziwa Tofauti

Maziwa ya ng'ombe wa kienyeji ni mazito, ya ng'ombe wa kisasa ni mepesi. Kuanzia Kyela mjini hadi Ipinda na Matema, kauli hiyo haihitaji kutetewa, na mara nyingi hufuatwa na shutuma kwamba muuzaji aliyeshuka na madumu yake kutoka Tukuyu ameyatia maji. Kauli yenyewe inaungwa mkono na maabara. Shutuma, mara nyingi, humwonea mfugaji.

Kyela ni tambarare yenye joto, iliyo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huipitia kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Ng'ombe wake wa asili ni zebu, wadogo, wenye nundu, wanaokula majani ya kando ya mito na, mpunga ukishavunwa, mabua yaliyobaki mashambani. Ukipandisha kuelekea Tukuyu, zaidi ya mita 1,500, hali ya hewa hubadilika na ng'ombe nao hubadilika. Huko kwenye baridi na migomba, wafugaji wengi wana ng'ombe wa kisasa, Friesian au chotara wake, wanaofungwa bandani na kuletewa mabingobingo.

Tofauti ya maziwa yao huonekana kwanza kwenye mafuta. Maziwa ya Friesian kwa kawaida huwa na mafuta ya asilimia 3.5 hivi. Ya Jersey, yule ng'ombe mdogo wa rangi ya kahawia, hukaribia asilimia 5, na protini yake pia ni nyingi zaidi. Zebu wa Afrika Mashariki hucheza kati ya asilimia 4.5 na 5.5. Kwa hiyo mama anayegandisha maziwa ya zebu na kuona utando mnene juu ya chombo hajidanganyi.

Kinachoamua wingi wa maziwa ni sukari yake, yaani laktosi. Chembe za kiwele zinapotengeneza laktosi, sukari hiyo huvuta maji kutoka kwenye damu, na maji hayo ndiyo hujaza ndoo. Kiwango cha laktosi hakitofautiani sana kati ya aina moja ya ng'ombe na nyingine: hukaa karibu na asilimia 4.8. Friesian alichaguliwa kwa vizazi vingi kwa sababu ya wingi wa maziwa, hivyo hutengeneza laktosi nyingi na kuvuta maji mengi, wakati mafuta hayaongezeki kwa kasi hiyohiyo. Maziwa yake yakawa mepesi pasipo mtu kuongeza hata tone la maji ya kisima.

Aina ya ng'ombe si jibu la kila kitu. Zebu wengi hawaachii maziwa bila ndama. Mkamuaji humfungulia ndama anyonye kidogo, maziwa yakishuka humvuta na kumfunga karibu na miguu ya mbele ya mama yake, kisha hukamua haraka. Mwishoni ndama hurudishwa amalizie. Maziwa ya mwanzo wa kukamua yanaweza kuwa na mafuta ya asilimia 1 au 2 tu, na ya mwisho kabisa hupita 6. Kwa hiyo yale mazito kuliko yote huishia tumboni mwa ndama, na ng'ombe yuleyule anaweza kutoa kikombe chepesi au kizito kutegemea mkamuaji ameachia wapi.

Chakula nacho kina sehemu yake. Majani makavu yenye nyuzinyuzi yakichacha tumboni hutoa asidi ambayo mwili huigeuza kuwa mafuta ya maziwa. Friesian aliyeshushwa Kyela akihema kwa joto hula majani machache, kisha hupungukiwa maziwa na hata mafuta. Mara nyingi pia ndigana kali, inayoletwa na kupe, humuua kabla hesabu hizo hazijafika mbali.

Ngamia, mnyama asiyefaa kabisa kwa mvua za Kyela, huonyesha kwa ukali zaidi jinsi aina na mazingira vinavyobadilisha maziwa. Ngamia wa nundu moja, kama wale wa Marsabit na Wajir, hutoa maziwa yenye mafuta ya karibu asilimia 3.5, ilhali ya ngamia wa nundu mbili wa Mongolia mara nyingi hupita 5. Kisha kuna kiu. Mwaka 1980, watafiti R. Yagil na Z. Etzion wa Israel walieleza kwamba ngamia walionyimwa maji walitoa maziwa yenye maji mengi zaidi, na mafuta yakashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1. Mama ana kiu, lakini ndama wake jangwani ananyweshwa.

Basi anayetia maji kwenye maziwa anakamatwaje? Chombo cha kawaida ni laktomita, inayoelea kwenye maziwa na kuonyesha uzito wake. Maji huufanya usomaji ushuke. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mjanja akiengua mafuta kwanza usomaji hupanda, akiongeza maji hurudi palepale. Ndiyo maana maabara hutumia pia njia aliyoibuni Niklaus Gerber wa Uswisi mwaka 1891: maziwa huchanganywa na tindikali kali inayoyeyusha protini, chupa huzungushwa kwa kasi, na mafuta hupanda kwenye shingo yenye vipimo.

Uzito wa maziwa haumaanishi faida kubwa. Zebu anayekamuliwa lita 1.5 kwa siku, yenye mafuta ya asilimia 5, humpa mwenyewe gramu 75 hivi za mafuta. Chotara wa lita 8 mwenye asilimia 3.7 humpa karibu gramu 300. Nchini New Zealand mfugaji hulipwa kwa kilo za mafuta na protini, hivyo Jersey wake ana thamani inayoonekana kwenye malipo. Palipo na bei ya lita peke yake, mfugaji wa maziwa mazito hapati nyongeza, na mwenye zebu hunufaika zaidi akiyagandisha na kuuza mtindi kuliko kuyauza mabichi kwa lita.