Akiba Isikae Ghala Moja

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mashariki mwa Kongo, benki zilifungwa na maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yakaporwa takriban tani 7,000 za chakula. Vita vilileta pigo, lakini kutegemea benki moja, ghala moja na mtu mmoja mwenye funguo hulizidisha. Wapo wanaosema mpango wa dharura hauzuii risasi. Ni kweli, wala haukusudiwi hivyo. Kazi yake ni kuwezesha zahanati kufungua tena mapema. Na si vita tu: tetemeko la ardhi lililoikumba Bukavu 3 Februari 2008 halikupiga hodi pia. Gharama? Kugawa dawa zilizopo sehemu mbili, kutunza nakala ya daftari la wagonjwa mtaa mwingine, na kuandika nani ataongoza daktari mkuu akikimbia, hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mchana mmoja wa kikao.