Mtoto Asiyeinua Mkono Mmoja

Leo tuzungumzie mtoto anayezaliwa mkono mmoja ukiwa umelegea. Akishtuka, anarusha mkono mmoja tu. Ule mwingine umelala ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimetazama nyuma.

Nyumbani maneno huwa mengi. Wengine husema mtoto amerogwa, wengine hulaumu sindano ya BCG. Mama, sindano ile hudungwa kwenye ngozi tu, mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Haiwezi kulegeza bega.

Tatizo liko shingoni. Hapo hutoka mizizi mitano ya mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kutoka kwa ubongo. Inapita chini ya mtulinga, ikisukana kama nywele, kisha inagawanyika hadi vidoleni. Mizizi ya juu huinua bega na kukunja kiwiko, ya chini huendesha vidole. Ndiyo sababu mtoto anaweza kukushika kidole vizuri na bado asiinue bega. Daktari Mjerumani Wilhelm Erb aliieleza hali hii mwaka 1874, na huenda ukaona jina lake kwenye karatasi za hospitali.

Mara nyingi huanzia wakati wa kujifungua: kichwa kimetoka, bega likakwama kwenye mfupa wa kinena, shingo ikavutika. Watoto wakubwa, wa kilo nne na zaidi, na wa akina mama wenye kisukari, wamo hatarini zaidi. Kwa hivyo usikose kupimwa sukari kliniki. Lakini pia usikimbilie kumlaumu mkunga, kwa maana bega hukwama bila kutarajiwa, hata mikononi mwa stadi.

Mshipa uliovutika tu hupona wenyewe, na watoto wengi huwa hivyo. Uliokatika hukua polepole sana, kama milimita moja kwa siku, na huenda usifike. Uling'oka kwenye uti wa mgongo? Huo haurudi bila upasuaji.

Eksirei haionyeshi mishipa hii. Huonyesha kama mtulinga umevunjika, jambo ambalo pia humfanya mtoto asisogeze mkono. Picha ya MRI ndiyo inayoweza kuonyesha mizizi iliyong'oka, lakini mara nyingi mtoto hulazimika kupewa dawa ya usingizi, kwa hivyo huachiwa wale wanaofikiriwa kupasuliwa. Usiuze mbuzi kutafuta MRI kabla daktari hajaiomba.

Nyumbani, usimwinue kwa kumshika makwapa wala kumvuta mkono. Nguo huanza na mkono mnyonge, na kuvuliwa huishia nao. Ukimbeba kwa leso, mkono usining'inie. Mtaalamu wa viungo atakuonyesha jinsi ya kuuzungusha taratibu kila unapobadilisha nepi, ili bega lisikakamae. Nyanya tunawaheshimu, lakini kule kumkanda na kumnyoosha kwa nguvu tuache.

Ukienda chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mvue shati mtoto, umwombe muuguzi autazame mkono. Akifika miezi mitatu bila kuweza kukunja kiwiko, omba barua ya kwenda kwa daktari mpasuaji. Ukiambiwa "ngoja akue", uliza tena. Upasuaji wa mishipa hii hufaa zaidi kabla ya mwaka mmoja, na misuli iliyokaa muda mrefu bila amri hudhoofika.

Usingoje miezi mitatu ikiwa vidole pia havisogei, kope la upande huo limeanguka, au mtoto anapumua kwa shida. Na mkono uliokuwa ukisogea vizuri kisha ukaacha, hasa kukiwa na homa au uvimbe, ni jambo jingine: huenda ni maambukizi ya mfupa au kiungo. Huyo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.