Mtu wa Pwani Yetu Katika Nchi ya Urusi

Wasikilizaji wetu, tumezoea kusoma habari za Wazungu waliokuja kuitazama nchi yetu, wakarudi kwao wakaandika waliyoyaona. Leo twapenda kueleza habari za mtu wa pwani yetu aliyekwenda kuzitazama nchi za kaskazini, naye akaeleza aliyoyaona kwa Kiswahili.

Jina lake Selim bin Abakari, na asili yake Visiwa vya Komoro. Alikuwa mtumishi wa Mdachi mmoja, Theodor Bumiller, ofisa aliyekuwa pamoja na Wissmann katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1896 Bumiller alifunga safari ya Urusi na Siberia, akamchukua Selim. Habari za safari hiyo zilipigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichotengenezwa na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin.

Kwanza tufahamu ukubwa wa nchi ile. Sisi wa Mang'ula twaijua reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hata 1975, nayo yapita kwetu. Toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Lakini reli itokayo Moscow mpaka Vladivostok ni kilomita 9,288, yaani karibu mara tano. Tena siku za Selim reli hiyo ilikuwa haijakwisha, kwa kuwa kazi yake ilianza mwaka 1891. Palipokosa reli, wasafiri wa Siberia walikwenda kwa merikebu za moshi mitoni, au kwa magari ya farasi, wakibadilisha farasi waliochoka njiani kituo kwa kituo.

Pili, nchi ile si ya namna moja. Mtu akitoka katika bonde la Kilombero, penye joto na mashamba ya mpunga, akapanda milima ya Udzungwa, hupita msitu mnene, na juu kabisa, penye zaidi ya mita 2,500, hukuta baridi na majani. Hivi hali ya nchi yabadilika kwa kupanda. Huko Urusi yabadilika hata bila kupanda mlima, kwa sababu kadiri mtu aendavyo kaskazini, ndivyo miali ya jua ianguavyo kwa kulala, wala haina nguvu ya kuipasha nchi joto. Kaskazini kabisa udongo umeganda, miti haioti. Kusini yake ni misitu mikubwa ya misonobari. Kisha nyika za majani, nchi ya wafugaji wa farasi na kondoo. Na mwisho jangwa. Katika Siberia wakati wa baridi mito huwa migumu kama mawe, hata magari hupita juu yake.

Selim alishuka mpaka nchi za kusini, kwenye miji ya Samarkand na Bukhara. Siku zile nchi hizo zilikuwa chini ya nguvu za Mfalme wa Urusi. Leo zimo katika nchi ya Uzbekistani, iliyopata uhuru mwaka 1991. Watu wake hulima pamba na matunda kwa maji ya mifereji, na tangu zamani ni Waislamu. Bukhara ndipo alipozaliwa Imamu Bukhari mwaka 810, ambaye kitabu chake cha hadithi za Mtume chasomwa hata katika vyuo vya pwani yetu. Basi msafiri Mwislamu kama Selim, baada ya kuvuka nchi zote zile za ugeni, alifika mji ambao jina lake lilijulikana kwao zamani.

Njiani watu walikusanyika kumtazama, maana wengi hawakupata kumwona mtu mweusi. Hapana ajabu: kwetu pia mgeni akifika kijijini, watoto humfuata. Lakini Selim naye alikuwa akiwatazama wao, nyumba zao, vyakula vyao na desturi zao.

Hili ndilo twataka mlishike. Wapagazi wengi walipita katika nchi zetu na mizigo ya wageni vichwani. Mabonde na mito waliiona wote, ila wageni ndio walioandika, na majina ya wapagazi wengi yamepotea. Selim pia alikuwa mtumishi. Njia hakuichagua yeye. Lakini macho yalikuwa yake na maneno yalikuwa yake, na kwa maneno hayo twamjua hata leo.

Basi, ninyi wanafunzi, mkisafiri, hata kama ni mpaka Ifakara tu, tazameni vema, mkirudi andikeni. Asiyeandika safari yake, wengine watamwandikia.